Friji imejaa barafu au kompresa inawaka na kuzima? Tazama barafu imekaa wapi kabla hujaita fundi wa gesi

Watu wengi wakinipigia simu wanaanza na jibu, "fundi njoo ujaze gesi", sijauliza hata friji imefanyaje mtu keshajipa ugonjwa na dawa. Mie nafanya kazi ya mafriji hapa Tanga, wateja wangu wengi wako Ngamiani kwenye zile barabara za namba, Makorora, Chumbageni na huku Sahare kwa wanaohifadhi samaki, na friji nnazozikuta zimejaa barafu mpaka droo haifunguki mara nyingi gesi yake iko salama kabisa. Kwahiyo kabla fundi yeyote hajakanyaga kwako na mtungi, fungua friza uangalie barafu imekaa wapi na imekaaje. Imejaa pande zote, imejaa mbele tu karibu na mlango, iko kona moja kwingine kukavu, au haionekani kabisa lakini chini kumepata joto. Kila moja ina sababu yake na hazifanani.

Afu ujue kwanza friji yako ni ya aina gani. Kuna ile ya kawaida ambayo ukifungua friza unaliona bati lenyewe la kugandisha, hiyo kuota barafu ni kawaida yake, mvuke uliomo kwenye hewa unagusa bati la baridi unaganda hapohapo. Na kuna nofrosti, ile yenye feni ndani, friza yake ni plastiki safi ina matundu ya kupulizia baridi, bati limefichwa nyuma ya kava. Hii ya pili ukiona barafu kwa macho yako ujue mara nyingi kuna kitu kimeshakufa ndani, maana ina mfumo wake wa kuiyeyusha yenyewe.

Na sisi wa pwani tuna shida yetu, hewa ya huku ina maji mengi. Masika ikishika unafua nguo zinalala kambani siku mbili bado mbichi, sasa hewa hiyohiyo ndo inaingia kwenye friji kila unapofungua mlango, na kila ikiingia inaacha maji yake humo kama barafu.

Barafu imekaa mbele, karibu na mlango

Hapo usihangaike na kitu kingine, anza na raba ya mlango. Chukua noti au kipande cha gazeti, funga mlango kikiwa nusu ndani nusu nje, afu kivute taratibu. Kikikamatwa ukahisi kinakwama, hapo pazima, kikiteleza bila kushikwa hapo ndo hewa inapitia. Zunguka mlango mzima, juu, chini, pembeni, hasa upande wa bawaba na zile kona, usipime sehemu moja ukaridhika.

Raba ikiwa chafu ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ule weusi unaoota kwenye mikunjo unaizuia isikae vizuri. Ikiwa imejikunja, kanda kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, inalainika, iweke sawa kwa vidole ufunge mlango uiache masaa kadhaa, nyingi zinarudi. Ikiwa imechanika au imekuwa ngumu kama plastiki ya ndoo basi tafuta mpya. Pia angalia friji imesimamaje, miguu ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma ili mlango ukiuachia urudi wenyewe, nshakuta friji ya mtu inashinda wazi upana wa kidole usiku mzima kwa sababu tu sakafu ilikuwa imeinamia mbele.

Barafu nene pande zote, friji ya kawaida

Hii mara nyingi sio ugonjwa, ni kuchelewa kuiyeyusha. Barafu ikifika nene kama nusu sentimita iyeyushe, usingoje ifike unene wa mkono. Watu wanadhani barafu nyingi ndo baridi nyingi, sivyo, barafu inalivika bati kama blanketi, baridi haitoki vizuri, kompresa, ile pampu ya nyuma chini inayosukuma gesi, inafanya kazi muda mrefu zaidi na unit za LUKU zinakwenda.

Ila ukiyeyusha na baada ya wiki mbili imejaa tena, tafuta kwanini. Swichi ya themostati, ile yenye namba za kupangia baridi, wengi wanaipeleka mpaka namba ya mwisho na kuiacha huko wakiamini inagandisha haraka, haigandishi haraka hata kidogo, unachofanya ni kuiambia kompresa isizime mapema. Ikikaa katikati inatosha kwa nyumba, lengo ni nyuzi 4 hivi juu ya sifuri kwenye sehemu ya vyakula na nyuzi 18 chini ya sifuri kwenye friza. Kama umeirudisha namba ndogo na kompresa bado haizimi kabisa, mwambie fundi atazame ule waya mwembamba wa themostati, ncha yake inatakiwa ibanwe vizuri kwenye bati, ikichomoka haijui kama kumeshapoa. Au themostati yenyewe imenata ndani. Vyakula vya moto navyo, sufuria la mchuzi linaingia linafuka moshi, ule moshi wote unakuwa barafu. Ngoja upoe, ufunike.

Na hapa niseme jambo linaloniuma, kisu. Mama mmoja wa Makorora anauza barafu za ubuyu na ukwaju kwa watoto wa shule, friza ndo duka lake. Siku hiyo pakiti zilikuwa zimeshikana na barafu ya pembeni, watoto wako mlangoni wanagonga shilingi, akachukua kisu cha jikoni akachokonoa. Akasikia psssss, kama dakika moja hivi, kukanyamaza. Akaniita jioni, nimefika, "shikamoo mama", "marahaba mwanangu, njoo uone, nilikuwa natoa pakiti mbili tu". Nikatoa barafu yote, nikaingiza presha ya naitrojeni, nikapaka povu la sabuni kwenye bati, nikakaa natazama. Kwa muda hamna kitu. Afu kwenye mkunjo wa kona kikaanza kuota kiputo kidogo kama punje ya ulezi, kikakua, kikapasuka, kikaota kingine palepale. Tundu lenyewe bila povu hulioni kwa macho. Ni alminiamu, laini, kisu hakihitaji nguvu.

Tundu linazibwa, lakini friji iliyotobolewa ikiwa inafanya kazi inaweza kuwa imevuta hewa na maji ya barafu iliyoyeyuka, maji hayo yanakwenda mpaka kwenye kompresa, kwahiyo kazi inakuwa kubwa kuliko tundu lenyewe. Ya mama yule ilichukua siku 3 na siku 3 hizo hakuuza kitu. Kwahiyo nakuomba, zima friji, chomoa waya, toa vitu, weka bakuli la maji ya moto ndani ya friza ufunge mlango, baada ya dakika 15 au 20 badilisha maji, barafu inaachia yenyewe vipande vikubwa unavitoa kwa mkono. Sakafuni tandika kanga kuukuu. Kama unauza na huna muda, weka plastiki au trei chini ya pakiti zisigusane na bati.

Barafu iko kona moja tu, kwingine kukavu

Hii sasa ndo dalili ya gesi. Bati limeota barafu pale mwanzo bomba linapoingilia, labda upana wa kiganja, kwingine kote hamna kitu, kompresa inaunguruma mchana kutwa haizimi na wavu wa nyuma hauna joto la maana. Gesi imepungua. Na gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama mafuta ya bodaboda, inazunguka humohumo miaka na miaka, ikipungua imevuja. Fundi anayejaza bila kutafuta imevujia wapi anakuuzia wiki chache tu.

Huku kwetu mabomba yanaliwa na chumvi. Nyumba za Raskazone na Sahare, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja, mabomba ya chuma nyuma ya friji na ile kona ya chini karibu na kompresa yanaota kutu mpaka yanatoboka yenyewe bila mtu kuyagusa. Kila miezi michache futa nyuma kwa kitambaa kikavu, na usiiweke friji dirishani panapopiga upepo wa bahari. Mafuta mafuta kwenye bomba ni dalili nzuri ya kuanzia, gesi ikivuja inatoka na mafuta ya kompresa, vumbi linaganda pale.

Fundi akija muulize maswali yafuatayo na usione haya, imevujia wapi nionyeshe, unabadilisha filta, ile inayonyonya unyevu kwenye mfumo, una pampu ya kuvuta hewa, una mzani wa kupimia gesi. Mfumo ukishafunguliwa filta inabadilishwa, hilo halina mjadala. Hewa na unyevu lazima vivutwe kwa pampu, sio kwa kusukuma gesi kidogo itoe hewa. Na mzani ni muhimu hasa friji mpya zinazotumia gesi ya R600a, angalia kibandiko nyuma au ndani, nyingi zinaingia gramu 40 mpaka 70 hivi, sasa ukizidisha gramu 15 kwa kukadiria umeiharibu, wakati R134a ya zamani ilikuwa inaingia zaidi ya hapo na inasamehe kidogo. Na R600a inawaka moto. Ni jamaa wa gesi hii ya kupikia. Fundi anaifungulia nje kwenye upepo, jiko la mkaa liondolewe, na asichomelee bomba kabla gesi yote haijatoka. Usikubali akuwekee R134a kwenye friji ya R600a ati ndo aliyonayo.

Kuna nyingine inafanana na hii inawachanganya hata mafundi. Friji inagandisha vizuri asubuhi, mchana baridi inakata, unaizima usiku, kesho inagandisha tena. Hapo maji yameingia kwenye mfumo, yakifika kwenye mdomo wa kapilari, kale kabomba kembamba, yanaganda yanaziba, ukizima yanayeyuka njia inafunguka. Ukiipasha kwa kitambaa cha moto pale kapilari inapoingilia kwenye bati ukasikia ghafla sauti ya shhhh gesi inapita, umeipata. Dawa ni filta mpya na kuvuta hewa vizuri, kuongeza gesi juu yake hakusaidii chochote.

Nofrosti: friza kiasi, chini joto

Nyama bado imeganda ganda lakini maziwa chini yamechacha, au unasikia feni inakwaruza krrr krrr. Baridi ya chini inatoka kwenye bati moja lililoko nyuma ya kava la friza, feni ndo inaisukuma. Barafu ikiziba bati, hewa haipiti.

Jaribio lake halina gharama. Toa vitu, chomoa waya, acha milango yote wazi masaa 24 na kitambaa chini, kesho yake washa. Ikifanya kazi vizuri kabisa siku kadhaa afu ikarudia ileile, gesi na kompresa ni nzima, kilichokufa ni mfumo wa kuyeyusha. Ndani yake kuna vitu vitatu, hita, kile kidude cha duara kinachokata hita ikishapata joto, na taima au bodi inayoamua muda. Kwa friji za taima, kila baada ya masaa 6 mpaka 12 hivi kompresa inasimamishwa, hita inawaka kama dakika 20 au 30. Hita unaipima kwa mita umeme ukiwa umechomolewa, ya wati 150 kwa volti 230 inasoma kama omu 350, ikiwa haisomi kitu imekatika. Kile kidude cha duara usikipime kikiwa na joto la chumba ukasema kimekufa, kwenye joto kinatakiwa kiwe wazi, yaani hakipitishi umeme, kiweke ndani ya barafu ya friza nyingine kwanza kipoe sana ndo kinafunga. Nshaona watu wanakitupa kizima.

Kama bati halina barafu ila chini bado joto, feni haizunguki. Fungua mlango wa friza bonyeza ile swichi ya mlango kwa kidole, feni ikiwa nzima kwa friji nyingi itazunguka. Na maji yakijaa chini kwenye droo la mboga, tundu la kutolea maji limeziba, mimina maji ya uvuguvugu, sukuma kwa mrija laini, usitumie waya.

Kompresa: tiki, kimya, tiki tena

Unasikia mmmm kama sekunde kadhaa, afu tiki, kimya, dakika chache mmmm tena. Kompresa inataka kuondoka inashindwa, ovalodi, kikata umeme chake, inaikata isiungue. Wengi hapo wanaambiwa kompresa imekufa. Mie naanza na umeme.

Mzee mmoja Chumbageni alishaambiwa atafute hela ya kompresa mpya. Nikamuuliza, "mzee wangu inaanza saa ngapi?" Akasema mchana iko sawa, saa mbili usiku ndo inaanza kulalamika. Nikaenda saa mbili usiku. Friji ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni nyembamba iliyotoka chumba cha pili, imepita chini ya zulia, pamoja na tivii na feni mbili. Nikaweka mita pale kwenye ekstensheni, kompresa ilipojaribu kuondoka volti ikashuka mpaka 165. Nikaivuta friji mpaka kwenye soketi ya ukutani, tukangoja dakika 5 presha itulie ndani, nikawasha, mita inasoma 204, ikaondoka mara moja. Mzee akaweka mkono juu ya friji akasikiliza kama anayesikiliza moyo wa mtoto, hakusema kitu muda mrefu, afu akaniambia nikae nisubiri chai.

Volti ikishuka chini ya 190 hivi kompresa nyingi za kawaida zinapata tabu. Weka frijigadi inayochelewesha kuwasha, umeme ukikatika na kurudi hapohapo kompresa inakuta presha bado iko upande mmoja, haiwezi kuisukuma, ndo inaungua hivyo. Mtaa wenye umeme mdogo kila jioni, weka stebilaiza, kile kifaa cha kuinua volti, inayotosha kompresa kuondoka, sio ile ndogo ya tivii.

Umeme uko sawa na bado tiki? Chomoa waya, ubavuni mwa kompresa kuna kidude cha plastiki kimebanwa, rilei, ndo kinachosaidia kompresa kuondoka. Kichomoe ukitikise sikioni. Kikilia kachakacha kimevunjika ndani, na rilei bei yake haifiki hata robo ya kompresa. Chini yake kuna pini 3, pima pini kwa pini, utapata namba tatu, kubwa kuliko zote lazima iwe jumla ya zile mbili, kama omu 12, 18 na 30. Ikikatika mahali haisomi. Afu kwangua rangi ya kompresa kidogo upime kila pini na chuma chake, ikisoma chochote imeshoti, usiirudishie umeme, inaweza kukurusha. Ila friji za inveta hizi mpya usizipime hivi, pini zake zote tatu zinasoma karibu sawa na umeme wake unapita kwenye bodi, ukiipa kompresa yenyewe umeme wa ukutani moja kwa moja umeiua.

Kama inafanya kazi lakini ya moto mpaka inakata, tazama inavyopumua. Wavu wa nyuma umejaa vumbi na buibui, friji imebanwa ukutani, mapazia juu yake. Ipe nafasi ya sentimita 10 nyuma, na kama friji yako haina wavu nyuma, joto linatokea ubavuni, ubavu kuwa na moto ni kawaida yake ila usiubane na kabati. Januari na Februari jiko bila dirisha, hata friji mpya inachoka. Na kama kompresa inaunguruma vizuri, gesi imehakikiwa iko sawa kwa mzani, wavu hauna joto na bati halina baridi, hapo ndo kompresa haisukumi tena ndani, vavu zimekwisha, hapo kweli nunua.

Wanaochukua mtumba, kabla hujaichomeka soma kibandiko cha volti. Za Japani ni volti 100, za Marekani 115 hivi, ukichomeka kwenye 230 yetu inaungua sekunde ileile, na hakuna fundi wa Tanga nzima atakayeirudisha kwa rilei. Na kama ilisafiri imelazwa kwenye gari au boti, isimamishe masaa kadhaa mafuta yarudi kwenye kompresa, ukiweza iache imesimama mpaka kesho, ndo uiwashe.